Kusogeza kielekezi cha faili: mwongozo kamili wa kusoma na kuandika pale pale unapotaka

Chukua faili la kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 5,000. Kila mwanachama ametengewa baiti 32 za namba yake, jina lake na salio lake, kwa hiyo faili zima ni baiti 160,000. Leo mwanachama wa 1,250 ameweka fedha na salio lake linabadilika. Baiti zinazohusika ni 8 tu. Hata hivyo wengi wanaoanza kuandika programu husoma faili zima, hubadilisha salio lile moja, kisha huandika upya baiti zote 160,000 juu ya faili lile lile. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, faili linabaki nusu, na wanachama wote wanaumia kwa sababu ya muamala wa mtu mmoja.

Ipo njia ya kwenda moja kwa moja hadi kwenye baiti ya mwanachama huyo, kuandika baiti 8 na kuondoka bila kuwagusa wengine. Njia hiyo ni kusogeza kielekezi cha faili. Nitatumia Python 3, kwa kuwa wengi wanayo na unaweza kujaribu kila hatua papo hapo. Baadaye tutaingia kidogo kwenye C, kwa sababu huko kuna mtego ambao Python imekuondolea. Fungua kompyuta ufanye huku unasoma. Somo hili haliingii kwa macho peke yake.

Kielekezi ni nini

Programu inapofungua faili, mfumo endeshi huanza kuhesabu jambo moja dogo: tumefika baiti ya ngapi? Hesabu hiyo ndiyo kielekezi. Haimo ndani ya faili, wala haihifadhiwi kwenye diski. Inaishi muda ule faili liko wazi, na ukilifunga inapotea. Ukilifungua tena, inaanza sifuri.

Waliokulia enzi za redio kaseti wana picha yake tayari kichwani. Kanda ikiwa katikati, ukibonyeza kitufe cha kucheza unasikia kuanzia pale ilipo. Ukibonyeza cha kurekodi, wimbo uliokuwepo unafutika kuanzia pale pale, na kanda hairefuki ili kukupisha. Faili lina tabia hiyo hiyo. Hata katika C ipo amri inayoitwa rewind, neno lile lile lililokuwa limeandikwa kwenye vitufe vya redio zile, na kazi yake ni kurudisha kielekezi mwanzoni.

Tengeneza faili dogo la majaribio:

```python
with open("mfano.bin", "wb") as f:
    f.write(b"ABCDEFGHIJ")

f = open("mfano.bin", "rb")
print(f.tell())     # 0
print(f.read(3))    # b'ABC'
print(f.tell())     # 3
print(f.read(3))    # b'DEF'
f.seek(0)
print(f.read(1))    # b'A'
```

Amri ni mbili tu. `tell` inauliza kielekezi kiko wapi, na `seek` inakisogeza. Zingatia kwamba `read` nayo imekisogeza bila kuombwa. Kila usomaji na kila uandishi huacha kielekezi mwisho wa ulichogusa, na makosa mengi nitakayoyataja hapa yanatokana na kusahau hilo.

Nakushauri ukione kielekezi kama kilichosimama kati ya baiti na baiti. Kikiwa 0 kimesimama kabla ya A. Kikiwa 3 kimesimama baada ya C na kabla ya D, yaani baiti tatu zimeshapita na ya nne ndiyo inayofuata. Ukilishika hilo, hutakosea kwa baiti moja mbele au nyuma, na kosa hilo la baiti moja ndilo linalochosha kuliko yote kulitafuta.

Kuhesabu kutoka mwanzo, kutoka ulipo, kutoka mwisho

`seek` inapokea namba mbili. Ya kwanza ni idadi ya baiti, ya pili inasema tunahesabu kuanzia wapi: 0 ni kutoka mwanzo wa faili, 1 ni kutoka pale kielekezi kilipo sasa, 2 ni kutoka mwisho. Usipoandika ya pili, Python inachukua 0.

```python
f.seek(4)        # kielekezi kiko 4, kinachofuata ni E
f.seek(2, 1)     # mbele hatua 2 kutoka ulipo: sasa 6
f.seek(-4, 2)    # nne kabla ya mwisho: 6 tena, maana faili ni baiti 10
print(f.read())  # b'GHIJ'
```

Ukitaka msimbo wako usomeke na mtu mwingine, andika `os.SEEK_SET`, `os.SEEK_CUR` na `os.SEEK_END` badala ya 0, 1 na 2. Thamani ni zile zile.

Kurudi nyuma kupita mwanzo wa faili hakuruhusiwi. Utapata kosa na kielekezi hakitasogea. Kwenda mbele kupita mwisho kunaruhusiwa, na lina mambo yake, nitalirudia. Kuna matumizi mengine madogo ambayo wengi huyapenda: `f.seek(0, 2)` inarudisha namba ya pale ilipofika, kwa hiyo inakupa ukubwa wa faili bila kusoma hata baiti moja.

Namna ya kulifungua

Hapa ndipo data za watu hupotea. Usipite haraka.

Ukitaka kubadilisha sehemu ya faili lililopo, lifungue kwa `"r+b"`. Herufi r inataka faili liwepo, alama ya kujumlisha inaruhusu kuandika pia, na b inasema tunashughulika na baiti tupu. Hali hii haifuti chochote wakati wa kufungua.

`"w+b"` nayo inaruhusu kusoma na kuandika, na ndiyo maana watu huichanganya na ile ya kwanza. Lakini hii inalifuta faili lote papo hapo, mara tu unapolifungua, hata usipoandika kitu. Hakuna onyo na hakuna swali la una uhakika au la. Nimeshuhudia kumbukumbu za miezi mingi zikienda kwa herufi hiyo moja, na nakala ya akiba haikuwepo. Kabla hujajaribu lolote katika mwongozo huu kwenye faili la kweli, linakili kwanza.

`"a+b"` ina tabia ya tatu. Kila uandishi unakwenda mwisho wa faili, popote ulipoweka kielekezi. Unaweza kusogeza ili usome, na utasoma pale ulipotaka, ila ukiandika maandishi yanaruka hadi mwisho. Hali hii inafaa sana kwa faili la matukio, ambalo programu kadhaa zinaongeza mistari bila kufutiana. Kwa kurekebisha salio haifai: utaongeza rekodi ya pili ya mtu yule yule huku ya kwanza ikibaki vilevile.

Daftari la kikundi, hatua kwa hatua

Turudi kwa wanachama wetu 5,000. Siri ya kuruka moja kwa moja hadi kwenye rekodi unayoitaka ni kila rekodi kuwa na urefu ule ule. Kama zote ni baiti 32, rekodi ya n inaanzia kwenye n mara 32, ukihesabu kuanzia sifuri. Hakuna kutafuta, ni kuzidisha tu.

```python
import struct

UMBO = struct.Struct("<I20sq")   # 4 + 20 + 8 = baiti 32

def soma(f, n):
    f.seek(n * UMBO.size)
    data = f.read(UMBO.size)
    if len(data) < UMBO.size:
        raise IndexError("hakuna rekodi ya namba hiyo")
    namba, jina, salio = UMBO.unpack(data)
    return namba, jina.rstrip(b"\0").decode("utf-8"), salio

def andika(f, n, namba, jina, salio):
    baiti = jina.encode("utf-8")
    if len(baiti) > 20:
        raise ValueError("jina limezidi baiti 20")
    f.seek(n * UMBO.size)
    f.write(UMBO.pack(namba, baiti, salio))
```

Katika umbo hilo, I ni namba nzima ya baiti 4, 20s ni baiti 20 za jina, na q ni namba nzima ya baiti 8 ya salio. Alama ya `<` inaamuru baiti ndogo (ile yenye tarakimu za thamani ndogo ya namba) itangulie na pasiwe na baiti za kujazia katikati, ili faili lisomeke sawa kwenye kompyuta yoyote. Salio nimeliweka kama namba nzima, maana fedha haifai kuhifadhiwa kwa namba zenye nukta zinazoelea.

Ukaguzi wa urefu wa jina usiuondoe. Jina likizidi baiti 20, `pack` inalikata kimya kimya, na inaweza kulikata katikati ya herufi.

Sasa tuongeze shilingi 5,000 kwenye salio la mwanachama wa 1,250, ambaye kwa hesabu ya kuanzia sifuri ni rekodi ya 1,249. Rekodi yake inaanzia 1,249 × 32, yaani 39,968. Salio linakuja baada ya baiti 4 za namba na 20 za jina, kwa hiyo liko 39,992.

```python
with open("kikundi.dat", "r+b") as f:
    namba, jina, salio = soma(f, 1249)
    f.seek(1249 * 32 + 24)
    f.write(struct.pack("<q", salio + 5000))
```

Uangalie mstari wa tatu. Tuseme umeuacha, ukifikiri kwamba kwa kuwa umetoka kusoma rekodi ya mwanachama huyo, basi bado uko kwake. Hauko kwake. Kusoma kulikwisha peleka kielekezi hadi 40,000, ambako ndiko anakoanzia mwanachama wa 1,251. Baiti zako 8 zinaandikwa juu ya namba yake na herufi nne za mwanzo za jina lake. Python haitalalamika, kwa sababu kwa upande wake umeandika baiti 8 mahali halali. Kosa litaonekana siku ambayo mwanachama wa 1,251 atakuja kuuliza salio lake na jina lake halipo, na wakati huo hakuna atakayekumbuka ilikuwa siku gani.

Kwa hiyo nina desturi moja ambayo siiachi: kila uandishi unatanguliwa na `seek` yake, hata pale ninapoamini kielekezi kiko mahali sahihi. Gharama yake ni ndogo mno kulinganisha na kumkosea mtu fedha yake.

Kuandika ni kufunika

Wengi huja na mazoea ya kihariri cha maandishi: unaweka kishale katikati ya sentensi, unaandika, na maneno yaliyo mbele yanasogea. Faili halifanyi hivyo. Kihariri ndicho kinachokusogezea maneno kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha kinaandika faili upya.

Mfano ninaopenda kuutumia ni deni lililoandikwa kama maandishi. Faili lina `100000`, mdaiwa amelipa na amebakiza elfu tano. Unaenda mwanzoni mwa namba hiyo unaandika `5000`. Zimefunikwa herufi nne, sifuri mbili za mwisho zimebaki, na faili sasa linasomeka `500000`. Mtu aliyekuwa anadaiwa laki moja, akalipa karibu yote, sasa anadaiwa laki tano.

Ndiyo sababu rekodi za urefu uliopangwa zinapendwa: thamani mpya inachukua nafasi ileile ya thamani ya zamani, kikamilifu. Kama unalazimika kutumia maandishi, jaza nafasi hadi urefu uleule, kwa mfano `005000`.

Kama kweli unahitaji kuchomeka kitu katikati, lazima uisogeze sehemu ya nyuma mwenyewe. Kwa faili dogo, soma kuanzia pale hadi mwisho, rudi, andika kipya, kisha andika ulichosoma:

```python
with open("mfano.bin", "r+b") as f:
    f.seek(4)
    mkia = f.read()
    f.seek(4)
    f.write(b"*" + mkia)
```

Kwa faili kubwa au lenye thamani, usicheze na lenyewe. Andika faili jipya kando, na likikamilika tumia `os.replace` kulivalisha jina la zamani. Kazi ikikatika njiani, la zamani bado lipo zima.

Kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Peleka kielekezi pale unapotaka faili liishie, kisha ita `f.truncate()`. Kilicho mbele kinakatwa.

Maandishi, na kisa cha ng’ombe

Mpaka sasa nimefungua mafaili kwa herufi b, na sikufanya hivyo kwa bahati. Ukifungua kwa maandishi ya kawaida, Python inafasiri baiti kuwa herufi, na hesabu ya herufi si lazima ilingane na hesabu ya baiti.

Kiswahili kinatudanganya hapa, kwa sababu karibu herufi zetu zote ni za baiti moja moja katika UTF-8, mfumo wa kugeuza herufi kuwa baiti. Unaweza kuandika programu, ukaijaribu kwa kurasa nyingi, ukaona herufi ya 50 ni baiti ya 50, ukaridhika. Kisha linaingia neno ng’ombe. Likiandikwa kwa alama iliyonyooka, ng'ombe, ni baiti 7. Likiandikwa kwa alama iliyopinda, ambayo simu na programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe, alama hiyo peke yake ni baiti 3 na neno zima ni baiti 9. Kuanzia hapo kila mruko wako umepotea kwa baiti mbili, na neno ng’oa likifuata unapotea kwa mbili nyingine.

Kwenye faili lililofunguliwa kama maandishi, Python inakuruhusu mambo matatu tu: kwenda mwanzo kwa `seek(0)`, kwenda mwisho kwa `seek(0, 2)`, na kurudi mahali ambapo `tell` ilikupa yenyewe. Namba hiyo ya `tell` usiipige hesabu yoyote. Ichukulie kama alama uliyoweka kwenye ukurasa wa kitabu. Ukijaribu kusogea kwa hatua kutoka ulipo, inakataa. Na ukiita `tell` ndani ya kitanzi cha `for mstari in f`, inakataa pia, kwa kuwa kitanzi hicho kinasoma mbele zaidi ya mstari ulioko mkononi. Tumia `readline`.

Tuseme una kamusi yenye mistari laki kadhaa na unataka kurukia mstari wowote. Mistari haina urefu sawa, kwa hiyo kuzidisha hakusaidii. Pitia faili mara moja, kwa baiti, ukumbuke kila mstari unaanzia wapi:

```python
mianzo = []
with open("kamusi.txt", "rb") as f:
    while True:
        hapa = f.tell()
        if not f.readline():
            break
        mianzo.append(hapa)

def mstari(f, k):
    f.seek(mianzo[k])
    return f.readline().decode("utf-8")
```

Ukienda mwanzo wa mstari kwa baiti, kisha ukafasiri mstari mzima kuwa maandishi, hutaangukia katikati ya herufi kamwe.

Kusoma kutoka mwisho

Miundo mingine ya mafaili imepangwa ili isomwe kutoka nyuma. Nyimbo za MP3 za zamani ni mfano mzuri. Lebo ya ID3v1 ni baiti 128 za mwisho kabisa wa faili: neno TAG, kisha baiti 30 za jina la wimbo, 30 za mwimbaji, 30 za albamu, 4 za mwaka, na kadhalika. Iliwekwa mwisho ili wimbo wenyewe usisogezwe.

```python
with open("wimbo.mp3", "rb") as f:
    f.seek(-128, 2)
    lebo = f.read(128)
if lebo[:3] == b"TAG":
    print(lebo[3:33].rstrip(b"\0 ").decode("latin-1"))
    print(lebo[33:63].rstrip(b"\0 ").decode("latin-1"))
```

Kama una kasha la taarabu za zamani kwenye diski na majina ya mafaili hayaeleweki, mistari hiyo inaweza kukurudishia majina mengi, bila kusoma wimbo hata mmoja hadi mwisho. Faili likiwa fupi kuliko baiti 128 mruko utakataliwa, kwa hiyo kagua ukubwa kwanza.

Mafaili ya ZIP nayo yana orodha ya yaliyomo mwishoni. Picha za PNG ziko kinyume: nenda baiti ya 16, soma baiti 4 za upana na 4 za kimo, baiti kubwa ikitangulia, na umeshajua vipimo vya picha bila kuifungua yote.

Kwenye C

Katika C unatumia `fseek` na `ftell` kwa maana ile ile. Mtego ni huu: faili lililofunguliwa kwa `"r+b"` haliruhusiwi kupokea uandishi mara tu baada ya usomaji, wala usomaji mara tu baada ya uandishi, bila kuweka kitu katikati. Ukitoka kuandika kwenda kusoma, ita `fflush` au `fseek`. Ukitoka kusoma kwenda kuandika, ita `fseek`, isipokuwa usomaji wako ulikuwa umegonga mwisho wa faili.

```c
fseek(f, 1249L * 32 + 24, SEEK_SET);
fread(&salio, sizeof salio, 1, f);
salio += 5000;
fseek(f, 1249L * 32 + 24, SEEK_SET);
fwrite(&salio, sizeof salio, 1, f);
```

Hapa `salio` ni `int64_t`, na kompyuta iwe ya kutanguliza baiti ndogo, kama zilivyo nyingi zinazotumika leo. Sababu ya sheria hiyo ni bafa: C husoma kipande kikubwa na kukiweka kando, hivyo kielekezi cha mfumo endeshi kinakuwa kimetangulia mbele ya kile unachokiona wewe. Ukiikiuka, msimbo unaweza kwenda vizuri kwenye kompyuta moja na kuharibu data kwenye nyingine. Python inalipatanisha hilo yenyewe.

Chini ya `fseek` kwenye Unix na Linux kuna `lseek`. Herufi l mbele yake ina historia. Unix ya mwanzo ilikuwa na amri ya `seek` iliyopokea namba ya biti 16 tu, isiyoweza kupita 65,535, kwa hiyo faili refu lilirukwa kwa vipande vya baiti 512. Ilipokuja aina ya namba ndefu, `long`, ndipo ikaja `lseek`. Baadaye namba hiyo nayo ikawa fupi: biti 32 zenye alama huishia 2,147,483,647, ndiyo maana programu za zamani hushindwa faili likifika gigabaiti 2. Kwenye Linux ya biti 32 tumia `fseeko` na uweke `_FILE_OFFSET_BITS` kuwa 64. Kwenye Windows `long` ni biti 32 hata kompyuta ikiwa ya biti 64, kwa hiyo huko tumia `_fseeki64`.

Kupita mwisho wa faili

```python
with open("shimo.bin", "wb") as f:
    f.seek(1_000_000_000)
    f.write(b"X")
```

Ukubwa wa faili hilo ni baiti 1,000,000,001. Kusogea peke yake hakukubadilisha kitu. Ni ile X iliyolinyoosha. Kwenye Linux yenye ext4 (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski), linganisha `ls -l shimo.bin` na `du -h shimo.bin`: la kwanza litasema bilioni moja, la pili litasema kilobaiti chache. Sehemu isiyoandikwa ni shimo, haikai kwenye diski, na ukiisoma unapewa sifuri. Angalia unapolinakili kwenye flashi ya FAT32. Mfumo huo hauna mashimo, hivyo sifuri zote zitaandikwa kweli na gigabaiti moja itajaa.

Kwenye daftari letu shimo lina madhara yake. Ukiandika kwa bahati mbaya rekodi ya 50,000 badala ya 5,000, faili litakubali, na katikati kutakuwa na maelfu ya wanachama wasio na jina wala salio. Kagua n kabla ya kuandika.

Kielekezi kinapotumiwa na wawili

Ukilifungua faili moja mara mbili kwa `open`, kila ufunguzi una kielekezi chake. Lakini ukinakili ufunguzi kwa `dup`, au programu ikizaa mtoto kwa `fork`, wote wanashika kielekezi kimoja: mmoja akisoma, cha mwenzake kimesogea. Thredi, yaani kazi kadhaa zinazoendeshwa kwa pamoja ndani ya programu moja, zikitumia `f` moja ziko hivyo hivyo, na ya kwanza inaweza kuita `seek`, ya pili ikaingia katikati ikasogeza kwingine, ya kwanza ikaandika pasipo pake.

Kwenye Linux na macOS dawa yake ni `os.pread` na `os.pwrite`. Unazipa mahali na kazi kwa pamoja, na hazigusi kielekezi kabisa:

```python
import os
fd = os.open("kikundi.dat", os.O_RDWR)
os.pwrite(fd, struct.pack("<q", 75000), 1249 * 32 + 24)
os.fsync(fd)
os.close(fd)
```

Faili likiwa limefunguliwa kwa hali ya kuongeza mwishoni, Linux itapeleka `pwrite` mwisho hata ukiipa mahali, kwa hiyo usizichanganye. Na `fsync` nimeiweka kwa makusudi: bila hiyo, ulichoandika kinaweza kuwa bado kwenye kumbukumbu ya mfumo endeshi umeme unapokatika. Ukitumia `open` ya kawaida, tanguliza `f.flush()` kisha `os.fsync(f.fileno())`.

Si kila kitu kinachofunguliwa kinaweza kusogezwa. Data inayopitia paipu (mfereji kati ya programu mbili), soketi (muunganisho wa mtandao) au kibodi ikishapita imepita. Ukijaribu kuirudisha unapata kosa namba 29 kwenye Linux, `Illegal seek`. Uliza `f.seekable()` kabla. Jibu likiwa hapana, hifadhi data hiyo kwenye faili la muda ndipo uiruke.

Hakiki kwa macho

Baada ya kuandika, usiiulize programu ile ile kama imeandika sawa. Tumia chombo kingine kinachoonyesha baiti zenyewe. Kwenye Linux au macOS:

```
xxd -s 39992 -l 8 kikundi.dat
00009c38: f824 0100 0000 0000
```

Namba ya kushoto, 9c38, ni 39,992 kwa hesabu ya kumi na sita. Baiti zinazofuata zisome kutoka nyuma kwenda mbele, kwa kuwa ndogo imetangulia: 0124f8, yaani 75,000. Kisha endesha amri hiyo hiyo kwa `-s 40000 -l 32`, uone kama namba na jina la mwanachama wa 1,251 viko vile ulivyoviacha.